Masharubu ya Wagema Wawili

Landy Chablé alihitaji masharubu mazito ya watu wawili, na kijiji kizima kilikuwa na hayo tu: ya babu yake, Don Gaspar, na ya Don Teódulo Poot. Taabu ni kwamba wazee hao hawakuwa wamesemezana tangu Landy hajazaliwa.

Swali la jaribio lake lilikuwa jepesi: chingamu ikinasa nyweleni, kipi huitoa upesi, mafuta ya nguruwe au ndimu? Mshindi wa maonyesho ya sayansi ya shule angepelekwa Chetumal, mji mkuu wa jimbo, kushindana na shule za jimbo zima. Kila mwaka alishinda mwanafunzi mwenzake, Wilberth, na volkano yake ya magadi na siki. Landy alikwisha kuapa kwamba mwaka huu magadi hayatamshinda tena.

Zamani wazee hao waligema pamoja utomvu wa miti ya misapote msituni, ule unaotengenezewa chingamu. Siku moja mnunuzi alipasua bonge lao la utomvu akakuta jiwe jeupe katikati, limetiwa kuongeza uzito. Walifukuzwa kambini kwa zomeazomea, mpishi wa kambi akizomea kuliko wote, na kila mmoja akaapa kwamba mwizi ni mwenzake.

Asubuhi ya maonyesho Don Gaspar aliupika utomvu mwenyewe. Utomvu hukorogwa mpaka maji yaishe. Lakini alipomwona Don Teódulo, aliyebembelezwa na Landy mpaka akakubali kuja, akiingia uani, aliipua sufuria kabla ya wakati.

"Babu, umeiva huo?"

"Umeiva. Yule asinikute nakoroga kama mpishi wake."

Haukuwa umeiva. Utomvu mbichi hunasa kuliko deni la mkwe.

Shuleni Landy aliwaketisha kwa kupeana migongo, akawapaka kila mmoja donge la utomvu masharubuni. Don Teódulo akanusa.

"Mbichi huu. Nani kaupika?"

"Mtu asiyetia mawe," Don Gaspar akajibu.

"Ati nini? Hebu geuka uniambie usoni!"

Don Gaspar akageuka. Don Teódulo naye akageuka. Wote wawili waligeuka kwa hasira nyingi kuliko nafasi iliyokuwapo, na masharubu yakakutana.

"Niachie!"

"Niachie wewe!"

Wilberth akachungulia kutoka nyuma ya volkano yake. "Landy, jaribio lako linaitwaje? Busu?"

"Kalinde magadi yako!" Landy alisema, huku akipaka mafuta ya nguruwe upande wa kushoto na kukamua ndimu upande wa kulia. Waamuzi walikuwa wamefika meza ya tatu kutoka kwake. Hakuna kilichobanduka.

Pua kwa pua, wazee walibaki kunong'onezana.

"Umekula kitunguu, Gaspar."

"Nimekula viwili, kwa ajili yako."

Don Teódulo akakunja pua.

"Lile jiwe jeupe lako," Don Gaspar akasema, "ulilitoa wapi?"

"Langu? Langu lilikuwa jeusi!"

"Kumbe ulitia!"

"Kwani wewe hukutia?"

"Nilitia. Jekundu."

Macho yao, yaliyokuwa karibu mno kuonana vizuri, yakapambana.

"Basi jeupe la nani?"

Wakajibu pamoja: "Mpishi!"

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kambi ile ilitia mawe, kila mtu na lake. Wazee wakaanza kucheka, vichwa vikipanda na kushuka pamoja kama ndoo mbili za kamba moja. Upande wa kushoto, wenye mafuta, ukaanza kuteleza.

"Unatoka!" Landy akapiga kelele. "Babu, vuta kichwa nyuma!"

"Ngoja kwanza. Hatujamaliza kumsema mpishi."

"Na maharagwe yake," akadakia Don Teódulo.

"Yale? Mawe matupu!"

"Babu, waamuzi hao!"

Mwalimu Addy, mwamuzi mkuu, akainama na miwani yake. Upande wa mafuta ulikuwa umeachana kabisa. Wa ndimu ulikuwa bado umeng'ang'ania. Mbele ya macho yake Don Gaspar akasogea tena ili asikie vizuri habari za maharagwe, na upande uliokwisha kutoka ukanasa upya.

"Tokeo nimeliona," akasema Mwalimu Addy. "Sijaona jaribio linalokataa kwisha." Akampa Landy nafasi ya kwanza, kwa sharti moja: Chetumal arudie jaribio lote, kwa vichwa vilevile.

Jioni wazee walibanduliwa kwa mafuta ya nguruwe, pande zote mbili. Kabla hawajafika getini, Landy akawasikia.

"Ila jiwe langu lilikuwa zito kuliko lako."

"Lako? Kokoto lile?"

"Rudia!"

Landy akakimbia kuwaingia katikati, akiwa ameikumbatia sufuria ya utomvu. Alitazama masharubu yale mawili, yaliyokuwa yakianza kupeana kisogo, akafikiri haraka.

"Babu," alisema, "Chetumal utapika wewe tena. Na uipue mapema, kama leo."