Mbuzi wa Kesi ya Tarehe

Asubuhi ile mashine za Kolwezi, mji wa migodi huko Kongo, ziliamka zikiamini ni mwaka 1970. Kwenye duka la dawa, kompyuta ilikataa kuuza vidonge vya malaria kwa kuwa, kwa hesabu yake, vilikuwa havijatengenezwa. Kwenye lango la kampuni moja upande wa Mashamba, wanaume wenye wajukuu waliambiwa na mashine ya beji kwamba hawajazaliwa. Mmoja, wanasema, alikwenda kweli kumuuliza mama yake.

Programu ya saa kwenye mashine hizo zote iliwekwa na fundi mmoja wa mtaa wa Manika, Ezéchiel Mpoyi, ambaye Jumamosi iliyokuwa ikija alikuwa apokelewe ukweni kama mchumba wa Chancelle. Kundi la WhatsApp la mtaa lilipowaka moto likiuliza nani ashitakiwe, akajitosa. Wapo waliotaka kuushitaki umeme; mwingine alitaka kalenda yenyewe ifikishwe mbele ya jaji. Ezéchiel aliandika, jasho likimtiririka, kwamba mwenye kosa ni mzungu aliyeitunga programu huko Ulaya. Yeye aliipakia tu. Watu walianza kumkubali, mpaka namba isiyo na jina, yenye picha ya ua jekundu, ikamjibu.

"Tata, ule muzungu mi simujue. Mwenye kufungua mashine ya batu ni weye. Ukinipikia bukari ya muchanga, niende kugombana na mwenye kulima mahindi?"

Kundi, likiuwazia huo ugali wa mchanga, likacheka hadi simu zikapata joto. Ezéchiel, akiona ushindi unamponyoka, akaandika kwamba ua halina ubongo, liende likauze nyanya, sheria liwaachie wenye akili.

Mara Chancelle akapiga simu.

"Ezé, ile ua ni mama. Jana alinunua namba mpya."

Kwa watu wa Kasai, kama walivyokuwa wao, mkwe humpisha njia mama mkwe, humwinamishia macho, wala hali chakula mbele yake. Sasa kumtukana, tena mtaa mzima ukisoma? Baba yake mdogo Muamba, msemaji wake wa posa, hakuzunguka mbuyu: bila mbuzi wa kuomba radhi hakuna ndoa, wala asijaribu kupitisha kuku.

Jumamosi Ezéchiel alifika kwa pikipiki ya taxi-moto, mbuzi kabanwa kati yake na dereva, akitazama watu wa Manika kama mbunge aliyeshinda uchaguzi. Ezéchiel akapiga magoti uani, macho chini. Mama Charlotte, mama mkwe mwenyewe, alikaa ndani, nyuma ya pazia. Muamba akakohoa, akaeleza kwa maneno matamu kwamba kijana alidanganywa na picha ya ua, basi lawama ni ya simu.

"Sawa," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Simu ndiyo ilete mbuzi."

Mbuzi akalia. Ezéchiel akaona harusi yake inatoka mlangoni taratibu, akasema akiwa amelikazia macho vumbi.

"Baba mudogo, muambie mama: hapana simu. Ni mi niliandika. Mbuzi ni yangu."

"Na ile programu?" pazia likauliza.

Ezéchiel aliinama zaidi.

"Nayo ni yangu, mama."

Vigelegele vikapasua bati. Chancelle akaja mbio kushika kamba. Ezéchiel, bado magotini, akatoa simu akaliandikia kundi: kila mashine aliyoigusa ataitengeneza mwenyewe, kuanzia leo. Akatuma, na toka sebuleni hadi jikoni, simu za ukweni zikalia pamoja.