Kihisi Chini ya Godoro la Bibi

Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wahenga. Wahenga hawakumjua Coletha Luhaga. Yeye alilolijua ndilo lililomtia gizani, tena mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima.

Coletha alikuwa na diploma ya vifaa vya umeme kutoka chuo kimoja cha Morogoro, na alikuwa nayo hasa: hukuweza kuzungumza naye habari za mvua bila diploma kuingia katikati. Kazi yake ilikuwa Mikumi, kutengeneza mashine za zahanati ya mtu binafsi, na Kiswahili chake kilinyooka kama rula. Watu wakisema sensa, aliwasahihisha: sensa ni ya kuhesabu watu, hiki kinaitwa kihisi.

Kihisi chenyewe kilikuwa utepe mpana kama mkanda wa suruali, unaotandazwa chini ya godoro. Mtu akijigeuza, akipumua, akishuka, utepe unahisi na kupeleka habari kwenye simu. Coletha alikileta Kilosa kwa sababu ya ugomvi. Bibi yake, Hildegarda, aliteleza jikoni masika yaliyopita akateguka nyonga, na tangu siku hiyo Mjomba Anselmi, mwana mkubwa wa bibi, alitaka kumhamishia kwake Mikumi. Bibi alikwishajibu: nyumba ile aliijenga yeye na marehemu mumewe, na atatoka humo akiwa amebebwa. Katika ukoo wao mjomba akisema amesema, lakini Coletha alimwekea sharti. Atafunga kihisi; kikionyesha bibi analala salama, abaki; kikionyesha vingine, mjomba aje na gari. Mjomba akakubali haraka mno. Mtu mwenye akili angeshtuka. Coletha alikuwa na diploma.

Alikifunga kwenye kitanda cha mninga chenye godoro nene, akakilalia mwenyewe wikiendi nzima kukijaribu, akarudi Mikumi ameridhika. Siku za kwanza simu ilisema kitanda ni kitupu. Akalaumu mtandao, kama sote tulaumuvyo. Kisha mvua ikakolea, mto Mkondoa ukaanza kunguruma, na kihisi kikaamka.

Kiliamka vibaya. Kila asubuhi Coletha alifungua simu akakuta michoro iliyopanda na kushuka kama milima ya Ukaguru. Bibi alipumua mbio mbio kama aliyekimbizwa. Alijigeuza, akajigeuza tena. Alishuka kitandani kwa kishindo na kupanda kwa kishindo zaidi, jambo ambalo, kwa mwanamke mwenye nyonga mbovu, lingemshangaza yeyote ambaye angeiweka simu chini akafikiri kidogo. Coletha hakuiweka simu chini.

Alimpigia bibi. Bibi akasema analala kama gogo. Coletha akatikisa kichwa kwa huruma. Wazee, alijiambia, huficha maradhi. Akaandika ujumbe mrefu kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, ujumbe wenye aya na mkato mahali pake, akihitimisha kwamba moyo wa bibi umechoka. Aliusoma tena kabla ya kuutuma, akaupenda. Alipokwisha kuutuma ndipo alipokumbuka sharti.

Mjomba alijibu kwa neno moja: "Twende."

Walipita Ulaya, ile ya kwetu, kijiji kisichohitaji viza, gari likiogelea kwenye tope na mjomba akipiga mluzi. Njia nzima Coletha alijitetea kwamba labda dawa zitatosha, labda wasubiri kidogo. Mjomba alimjibu kwa upole wa mshindi kwamba yeye hana elimu ya kubishana na kihisi.

Bibi walimkuta uani, akichimba mfereji kwa jembe ili maji yasiingie jikoni. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikaitikiwa, jembe likaendelea. Mjomba akamwambia afungashe vyake. Bibi akauliza mgonjwa ni nani. Wote wawili wakamtazama Coletha, naye akaingia chumbani kuithibitisha taaluma yake.

Juu ya godoro nene, juu ya shuka la maua, amefunikwa kanga hadi shingoni, alilala mtoto wa mbuzi. Alimtazama Coletha kama mwenye nyumba amtazamavyo mtu asiyebisha hodi. Akashuka kwa kishindo, akapanda kwa kishindo zaidi, akaendelea kupumua mbio mbio. Simu ikatetemeka mfukoni mwa Coletha.

"Huyo ni wa Machibya, jirani yetu mfugaji," bibi alisema kutoka mlangoni. "Maji yalipojaa alihamishia mifugo upande wa Msowero. Huyu asingeiweza safari, akaniachia. Ni mgeni. Ningemlaza chini kwenye unyevu?"

"Na wewe unalala wapi, bibi?"

"Kwenye kitanda changu cha kamba, chumba cha pili. Hilo godoro lenu linameza mtu. Halafu tangu lini mwenyeji akalalia kitanda cha mgeni?"

Tangu lini, kweli. Likizo zake zote za utoto Coletha alizimalizia katika nyumba ile, na kila likizo alilazwa kwenye mninga huo huo, kwa kuwa alikuwa mgeni. Kilosa nzima hakuna mtoto asiyejua kitanda kizuri ni cha nani. Ilihitajika diploma kulisahau hilo.

Mjomba Anselmi alimvuta pembeni. Alinong'ona kwamba mama anayemfunika mbuzi kanga ndiye hasa wa kuangaliwa, na kwamba ukoo umeshausoma ujumbe.

"Sema bibi ndiye aliyekuwa kitandani," alisema. "Mbuzi hatumtaji. Mashine yako inabaki ya kweli, na wewe unabaki mtaalamu wetu."

Ilikuwa zawadi nzuri, na Coletha, tuseme ukweli, aliipima. Kisha akampiga picha mbuzi ndani ya kanga yake, akaituma kundini na maneno machache: mgonjwa ni huyu, pumzi nilizosoma ni zake, bibi ni mzima na anachimba mfereji.

Simu haikutulia tena. Happyness, binamu yake wa Berega, aliuliza kama mgonjwa ameanza kula majani. Obed wa Magole alitaka kujua diploma ile ni ya umeme au ya mifugo. Kabla chai haijachemka, Coletha alikwishaitwa Daktari wa Mbuzi, na jina hilo analo mpaka leo.

Mjomba naye alisoma yote, akaona sharti limemgeukia. Bibi habanduki. Mjomba alisema ameburutwa kwenye tope kutoka Mikumi, amechekwa na wadogo zake, na mpwa aliyemfanyia hivyo mjomba wake hupiga magoti.

"Mwombe radhi mjomba wako, mama, yaishe," bibi alisema.

"Shikamoo nimempa, bibi, na chai nitampikia," Coletha alijibu. "Radhi kwa kuusema ukweli siombi."