Ndugu Mmoja wa Mgonjwa

Ilipofika siku ya pili ya kumuaga kiongozi mstaafu, watu walikuwa wameshajifunza kuzimia. Siku ya kwanza walianguka kweli, kwa jua na njaa, nasi tukawabeba. Shida ni kwamba hema letu la huduma ya kwanza lilikuwa nyuma ya ukumbi, na askari walikuwa wamefunga njia zote za pembeni kwa ajili ya magari ya wakubwa. Kwa hiyo kila aliyeanguka kwenye foleni alipitishwa kwa machela katikati ya ukumbi, kando ya jeneza lenyewe, akatolewa kwa mlango wa nyuma. Foleni ya muda wa saa saba ikawa safari ya dakika mbili. Watu si wajinga. Kesho yake wakaanza kuanguka kwa mpangilio, wengine wakitandika gazeti kwanza wasichafuke.

Mimi ni muuguzi. Nilikuwa zamu ya tatu mfululizo, miguu imevimba, mgongo umekufa ganzi, na nilikuwa nimechoshwa na vilio vya watu ambao nusu yao walimtukana marehemu alipokuwa madarakani. Nilipita kando yake labda mara arobaini bila kumtazama. Nilitazama visigino vya wabebaji tu.

Saa tano na nusu asubuhi msimamizi wetu akatangaza kwamba milango itafungwa saa sita kamili. Nilitoka mbio, wabebaji wawili wakinifuata na machela. Mama yangu alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, na mbele yake walikuwa bado watu kama mia nne.

Mama hakuja kulia. Baba alichukuliwa nikiwa na miaka minne, akiwa kazini kiwanda cha uchapaji, na watu wa huyu aliyelala ndani. Hakurudi, wala hakuna aliyetuambia yuko wapi. Mama alimwandikia kiongozi barua kwa miaka kumi na minane, zote zikianza na "Mheshimiwa", na hakujibiwa hata moja. Aliposikia amefariki alisema neno moja tu: "Sasa hana mkutano wa kukimbilia. Nitamuuliza mwenyewe."

"Mama, lala chini," nikamnong'oneza. "Jifanye umezimia, tukubebe sasa hivi."

Alinikazia macho. "Nilale? Mbele ya yule?"

"Dakika mbili tu. Wanafanya wote."

"Wafanye. Mimi miaka yote hii nimesimama kwa miguu yangu. Silazwi mbele yake leo, watu waseme nimemlilia."

"Basi hutamwona, Mama! Wanafunga!"

"Basi."

Alisema hivyo huku ameukumbatia mkoba. Namjua mama yangu. Angesimama pale hadi mlango ufungwe, arudi nyumbani kimya, aoshe vyombo, na siku moja afe na swali lake. Nilipandwa na hasira. Nilimkasirikia yeye kwa kiburi chake, nikamkasirikia marehemu kwa kufa kitandani kwake akiwa na madaktari watatu, na nikajikasirikia mwenyewe, maana wakati ule kitu nilichokitaka kuliko vyote duniani kilikuwa usingizi.

Utaratibu wetu uliruhusu kila machela kufuatana na ndugu mmoja wa mgonjwa. Anatembea kando, ameshika ukingo. Nikavua koti langu la kazi, nikamtupia Bonge, mbebaji wa mbele, nikajilaza kwenye machela.

"Dada, unafanya nini?"

"Nimezimia."

"Mbona unaongea?"

"Bonge, nibebe, saa inakwenda!"

Mwenzake wa nyuma, tuliyemwita Mrefu, alikuwa anacheka. "Mgonjwa gani huyu anatoa amri?" akasema, lakini akashika mikono ya machela. "Haya, ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Mama alinitazama nilivyolala pale. Kisha akaweka mkoba begani, akanyoosha nguo yake.

"Ni mimi," akasema. "Ni mwanangu."

Nilifumba macho. Nilijua tumeingia ukumbini kwa ubaridi na harufu ya maua, na kwa sababu hatua za wabebaji zilikoma kusikika juu ya zulia. Usingizi ulinijia kweli, nikauma ulimi. Halafu machela ikasita. Mama alikuwa ameishikilia.

"Mama, tembea," askari akasema.

"Mheshimiwa," Mama akasema, kwa sauti ileile anayoulizia bei sokoni. "Mume wangu ulimweka wapi?"

Nilisikia feni zikizunguka darini. Nilisubiri ashikwe mkono, avutwe, niinuke na aibu yangu yote. Badala yake, kutoka kwenye foleni nyuma yetu, sauti ya mwanamume mtu mzima ikasema, "Na kaka yangu?"

"Twende, twende," askari akasema haraka, na machela ikasogea.

Ndani ya hema wabebaji walinishusha kwenye kitanda, wakaenda zao. Mama alikaa ukingoni, karibu na miguu yangu. Hakulia. Alionekana amechoka tu, kama mtu aliyetoka shamba.

Baada ya muda akaingia mzee mmoja, kofia mkononi. Alisimama mlangoni.

"Ni wewe uliyeuliza?" Mama akamwambia.

"Ni mimi, dada yangu. Kaka alikuwa dereva. Walimchukua Jumanne, gari likiwa bado linanguruma."

"Wangu Jumatano," Mama akasema, akajisogeza kumpa nafasi. "Kaa. Asubuhi ile alikuwa amekataa chai, tuligombana. Nilimwambia aende tu. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake."

Miaka thelathini na mmoja nimeishi na mama yangu, na sikuwahi kuambiwa ilikuwa siku gani, wala kwamba waligombana. Nje msimamizi alipuliza filimbi mara mbili, akiniita kazini. Nilibaki nimefumba macho, machozi yakiniingia masikioni, ili Mama aendelee kuongea.