Kisanduku cha Waliohudhuria

Mama yake Tumwagile alizikwa Masanze siku ya Jumanne, kando ya shamba alilokuwa akilima tangu mumewe aache kazi ya reli pale Kilosa. Jumatano ya wiki iliyofuata Tumwagile alikuwa darasani akifundisha hesabu za sehemu. Hakulia msibani, na aliporudi kazini hakulia pia. Watu walisema mwalimu ana moyo mgumu. Ukweli ni kwamba hakuhisi kitu. Aliamka, akaoga, akajibu salamu, akaandika ubaoni, akafuta. Alikula asijue kama mboga ina chumvi.

Kilichomshinda ni karatasi. Mwalimu wa shule ya msingi huandika andalio la somo kwa kila kipindi: tarehe, mada, lengo, hatua za kufundisha. Juu kuna kijedwali cha idadi ya wanafunzi, walioandikishwa na waliohudhuria. Chini kabisa kuna tathmini, ambayo hujazwa kipindi kikiisha, mwalimu aseme kama watoto wameelewa. Kila Jumatatu Mwalimu Mkuu huyapitia maandalio hayo, akasaini na kugonga muhuri. Tumwagile alikaa mbele ya daftari lake jioni tatu mfululizo, asiandike hata tarehe.

Ndipo akaenda Mikumi kwa Joyce. Ulikuwa mwaka ule ambao kila kampuni ya simu ilikuwa ikipaka kuta za maduka rangi yake, na duka la Joyce, kando ya barabara kuu, lilikuwa jekundu upande mmoja na bluu upande wa pili. Ndani alikuwa na kompyuta tatu, mashine ya kuchapa na modemu iliyofungwa kwa uzi dirishani ili ishike mtandao.

"Pole na msiba, dada mwalimu," alisema Joyce. "Sasa wewe unahangaika na kalamu ya nini? Wenzio siku hizi hawaandiki. Kuna tovuti, walimu wanawekeana humo maandalio ya muhula mzima. Unashusha tu."

Akamshushia faili moja.

"Unajaza ukurasa wa kwanza. Kurasa zilizobaki zinajijaza zenyewe mpaka wiki ya kumi. Bado haijajifunza kuchapa watoto viboko tu."

Tumwagile akajaza. Jina la shule. Darasa la saba. Hisabati. Walioandikishwa: 54. Kisanduku kilichofuata kiliuliza waliohudhuria, na kwa kuwa siku hiyo wote walikuwapo, akajaza 54. Mashine ikaanza kutema kurasa.

Shule yao ilikuwa nje kidogo ya Mikumi, kwenye barabara ya kwenda Kilosa, mwendo wa saa moja kwa miguu. Mwalimu Mkuu alikuwa Mwalimu Ditram, mtu mwenye haraka aliyependa usafi. Alipoyaona yale maandalio aliyanyanyua juu, ofisi nzima iyaone.

"Haya ndiyo maandalio! Nyie wengine mnaniletea nyayo za kuku."

Akagonga muhuri wiki zote kumi kwa mkupuo mmoja, asisumbuke kila Jumatatu.

Hata tathmini zilikuja zimejazwa. Siku Mwenge wa Uhuru ulipopita kijijini na shule nzima ikashinda barabarani ikiimba, andalio la siku hiyo lilisema kuwa wanafunzi hamsini na wanne walihudhuria, na kwamba zaidi ya robo tatu yao wameelewa mada ya asilimia. Mwalimu Mathias wa darasa la tano aliliona, akacheka mpaka akashika ukuta. Tumwagile naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Asubuhi hakuita tena majina. Rejista alimwachia kiranja. Kiranja, alipoona andalio lenye muhuri limekwisha kusema, akaweka alama ya vema mbele ya kila jina.

Wiki ya nane Mratibu Elimu Kata, Bibi Hildegarda, akasikia habari za maandalio hayo. Akataka yapandishwe kwenye ile tovuti, yenye jina la kata yao, wengine wajifunze. Alhamisi Mwalimu Ditram akampa Tumwagile ruhusa, naye akashuka Mikumi na faili lake la kurasa zenye muhuri na flashi ndani ya bahasha.

"Mtandao unazunguka tu," alisema Joyce. "Nenda ukale. Ukirudi itakuwa imepanda."

Alikwenda kwenye banda la mama lishe, pale malori yanapoegeshwa. Alikaa kwenye benchi, akaagiza wali na maharage. Msichana akaja na jagi na beseni la kunawia. Tumwagile akanyoosha mikono.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Alijibu kwanza, ndipo akainua macho.

Alikuwa Perpetua, wa dawati la tatu, dirishani. Alikuwa amevaa sketi ya shule, na juu yake amejifunga kanga.

"Leo hukuja?" aliuliza Tumwagile.

Msichana aliendelea kumimina maji. "Leo? Mwalimu, hii wiki ya tano."

Tumwagile akamtazama usoni aone kama msichana anamdhihaki. Hakuwa anamdhihaki.

"Bibi yako anajua?"

"Naaga nakwenda shule. Kuna watu walimwambia wameniona huku, akaja kuuliza. Mwalimu Mkuu akamfungulia maandalio yako. Hamsini na nne, hamsini na nne. Akamwambia, 'Mama, mjukuu wako yupo, nenda nyumbani ukapumzike.' Bibi akaenda kuwagombeza wale watu. Mpaka leo hawasalimiani."

"Na wewe?"

"Mimi nikaona, kumbe nipo hata nisipokuwepo." Akatoa kitaulo begani, akampa. "Wiki ya kwanza nilisubiri mtu aje. Huku mchana nakula, mwalimu."

"Perpe!" mama lishe aliita toka jikoni. "Meza ya madereva! Au umeajiriwa kupiga soga?"

"Nakuja, mama!"

"Utarudi?" Tumwagile aliuliza.

"Nirudi wapi, mwalimu? Sijatoka."

Alisema hivyo bila jeuri yoyote, akaondoka na beseni lake. Tumwagile akala wali wote, kwa sababu ulikuwa mbele yake.

Aliporudi dukani alisimama nyuma ya kiti cha Joyce.

"Isimamishe."

"Imefika asilimia themanini, dada!"

"Simamisha. Nifungulie ukurasa wa kwanza."

Joyce akafyonya, akafungua. Tumwagile akafuta 54 kwenye kisanduku cha waliohudhuria, akaandika 53. Akashuka chini kutazama. Wiki ya kwanza 53. Wiki ya pili 53. Ikaendelea hivyo mpaka wiki ya kumi. Perpetua hakuwa amehudhuria hata siku moja, hata zile wiki alizokuja akakaa dirishani, hata siku ambazo bado hazijafika.

"Siwezi kubadilisha siku mojamoja?"

"Hii haijui siku mojamoja. Ama yupo ama hayupo." Joyce akageuka. "Sasa tupandishe ipi?"

"Usipandishe yoyote."

Aliporudi shuleni Mwalimu Ditram alikuwa bado ofisini. Alimsikiliza akiwa amesimama, na alipomaliza akaenda kufunga mlango.

"Unataka kufanya nini?"

"Kusahihisha kwa kalamu."

"Mwalimu, hii mihuri ni yangu. Ukikata hapa umenikata mimi. Na Mratibu anasubiri."

"Nitamwambia nimekosea mimi."

"Sikiliza." Alishusha sauti. "Mtoto mrudishe kimya kimya. Kwenye karatasi hajawahi kutoka, na hiyo ni bahati yake. Ukiandika utoro, mtendaji wa kijiji atamwita yule bibi. Umesaidia nini hapo?"

Hayakuwa maneno mabaya. Tumwagile aliyasikiliza yote. Angeyakubali, kama kawaida yake ya siku zile, angesema ndiyo na kwenda nyumbani kulala.

"Nimemwambia arudi," alisema. "Anasema hajatoka. Atarudi vipi mtu ambaye hajatoka?"

Mwalimu Ditram alilitazama lile faili alilokuwa akiwaonyesha wageni, akalisukuma mezani kuelekea kwa Tumwagile.

"Kata. Ila akiitwa yule bibi, twende wote wawili. Na muhuri mwingine sigongi."

Jioni hiyo Tumwagile alimkuta bibi yake Perpetua kibarazani anamenya mbaazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkeka. Umekuja kuniambia mjukuu wangu ana akili?"

"Nimekuja kukwambia hakuwepo, bibi. Wale watu walisema kweli. Kosa ni langu. Nilikuwa siwaiti majina."

Mikono ya bibi ikasimama. Maganda yakateleza kutoka mapajani mwake.

"Nimewatukana watu wazima kwa ajili ya karatasi yako."

"Ndiyo, bibi."

"Nimemtukana Hussein! Mtu aliyenibebea mahindi yangu kwa baiskeli yake!"

"Ndiyo, bibi."

Bibi akarudi kwenye mbaazi zake, hakumfukuza. Wakakaa hivyo mpaka Perpetua akaja, kanga imekunjwa kwenye mfuko, sketi yake ya shule imenyooka kama ya mtu atokaye darasani. Alimwona mwalimu, akamwona bibi, akasimama palepale uani.

"Sikuja kukuchapa," alisema Tumwagile. "Nimekuja unisaidie. Mimi sijui siku ambazo hukuja. Ni wewe tu unayezijua."

Perpetua alimtazama bibi. Bibi akamwonyesha mkeka kwa kidevu.

Wakaanza. Msichana alifungua kurasa za lile faili taratibu, akizisoma tarehe. "Hii nilikuja. Hii pia. Hii Jumatatu sikuja." Tumwagile anakata 54 kwa kalamu nyekundu, anaandika 53 pembeni. "Jumanne sikuja. Jumatano sikuja." Kurasa zilizokuwa safi zikaanza kuchafuka moja baada ya nyingine, juu ya mihuri na pembezoni.

"Hii Alhamisi nilikuja," alisema Perpetua, akasita. "Nilifika mpaka mlangoni. Ulikuwa umetupa mgongo, unaandika ubaoni. Nikasimama. Halafu nikaondoka."

Kalamu ikabaki juu ya kisanduku.

Kisanduku kilikuwa na nafasi ya namba moja tu. Tumwagile alijaribu kuikumbuka Alhamisi ile, ubao ule, alikuwa akiandika nini, na hakupata kitu. Lakini kifuani pakafanya kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka, ule uchungu wa sindanosindano ambao mtu hutamani mguu ungebaki umekufa tu. Akangoja upite. Haukupita.

"Niandike ngapi?" aliuliza.

Msichana akakitazama kisanduku.

"Hamsini na tatu," alisema. "Mlangoni si ndani."

Tumwagile akaandika.

"Na kesho?" Perpetua aliuliza.

"Kesho siijui. Nitaita jina lako, nisikilize."

"Ataitikia," alisema bibi bila kuinua kichwa.

"Bibi! Sijasema."

Hakusema, na mwalimu hakumuuliza tena. Perpetua akavuta faili karibu na magoti yake, akalamba kidole, akafunua ukurasa wa Ijumaa.