Karai la Udongo wa Somoe

Kitovu cha binti yangu Somoe kilipodondoka, mama yangu alimkabidhi mume wangu, Idrisa, kazi ya kukizika. Kwetu Mahurunga kitovu huzikwa pamoja na mbegu ya mkorosho, na mti utakaoota pale ni wa mtoto mwenyewe. Hauuzwi wala haung'olewi. Mama hakumwonyesha Idrisa mahali pa kuchimba. Alijua mtu mzima hawezi kukosea jambo kama hilo.

Lakini Idrisa kakulia Mtwara mjini, tunakoishi, anaendesha bajaji, na korosho kazoea kuziona zikiwa kwenye magunia. Alilizunguka shamba letu lote na ile mbegu mfukoni. Kule juu, kwenye mikorosho ya mama, akakuta mchanga mwekundu. Ukiuchota unakuchuruzika vidoleni. Akashuka bondeni, upande wa mto Ruvuma, akakuta udongo mweusi, mzito, umenona, na mabua ya mpunga bado yamesimama kwa wingi. Baadaye aliniambia alichowaza: mtoto wangu wa kwanza, nimpe mchanga kweli? Akachimba kule chini, pembeni ya jaruba la mpunga.

Mama alipokwenda kuuona, mkorosho ulikuwa umeshatoa majani. Alirudi nyumbani. Mkwe hakaripiwi, tena mkwe aliyekosea kwa mapenzi. Alichosema ni kwamba Idrisa ana moyo mkubwa, kisha akaingia jikoni.

Mvua za kwanza zikaja, bonde likajaa maji, mti ukasimama miguu ndani ya dimbwi. Ukapona kwa shida. Mvua za pili zilipoanza, ulikuwa haujanipita magoti, na majani yake yamekuwa manjano kama ya mpapai uliozeeka. Somoe naye alikuwa ametimiza mwaka na miezi kadhaa, anatambaa kwa kasi ya panya lakini hatembei. Nesi wa kliniki alishaniambia nisiwe na wasiwasi, kila mtoto na wakati wake, nami nilimwamini. Ila jirani wa mama, Rukia, ambaye hana dogo, alipita jarubani akamkuta Idrisa ameinama kwenye kile kimti.

"Shemeji," akamwambia, "hapo umepanda mkorosho au mpunga? Maana mtoto na mti wake naona wote wamegoma kusimama."

Idrisa alicheka. Usiku hakula vizuri.

Juma lililofuata alikuja na viroba vya mchanga, kavipakia kwenye bajaji mahali wanapokaa abiria. Akaumwaga kuzunguka shina, akauchanganya na ule mweusi kwa jembe mpaka mikono ikatoka malengelenge. Jua lilipowaka siku chache, pale pakakauka pakawa pagumu, unaweza kujengea nyumba. Alinitazama kama mtu anayeomba msamaha kwa kosa asilolijua.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, na sasa nasoma masomo ya jioni mjini, Somoe nikimwacha na baba yake. Mwezi ule mwalimu wetu, Helena, alikuwa anatufundisha udongo. Alitutuma tulete wa makwetu, tuutie kwenye chupa ya maji, tutikise, tuache utulie. Nilipeleka chupa mbili. Ile ya mchanga wa juu ilituama upesi, maji yakabaki meupe. Ile ya bondeni ilikaa tope tangu somo lianze mpaka tunafunga madaftari. Mwalimu akaeleza kwamba udongo wa mfinyanzi unakumbatia maji hauyaachi, mpunga unapenda hivyo, lakini mizizi ya mkorosho inataka kushuka chini sana na kupumua. Akasema hakuna udongo mbaya, kuna mmea uliopelekwa kwa mwenyeji asiye wake. Nikamfikiria Idrisa na mikono yake.

Aliponifuata na bajaji, nilimweleza njiani tukirudi. Tulipofika akauliza kama tunaweza kuuhamisha. Nikamwambia mkorosho ukiukata mzizi mkuu umeuua, na hata kama ungekubali, mama asingeruhusu mti wa mtoto ung'olewe.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi, nikifua, nikimnyonyesha Somoe. Tulipokwenda tena Mahurunga nilimfuata mama akiwa anamenya mihogo.

"Mama, kile kitovu bado kipo pale?"

"Kitakuwepo vipi, mwanangu, mwaka umepita? Kishakuwa udongo."

"Basi tusihamishe mti. Tuhamishe udongo."

Kisu kikasimama katikati ya muhogo. Nikamweleza: tuchukue udongo karai moja tu pale pembeni ya shina, tuupeleke juu, tuutie shimoni na mbegu mpya. Ule mti wa bonde tusiuguse. Ukiamua kuishi, uishi. Mama alimaliza muhogo ule, akaanza mwingine, nami nilijua siwezi kumharakisha. Mwisho akanawa mikono.

"Mwambie mkwe wangu alete karai," alisema. "Abebe yeye. Yeye ndiye aliyezika."

Mama aliuchota kwa mikono yake, akisoma Bismillahi. Idrisa akajitwika, akapanda mlima jasho linamtiririka na maji meusi yanamchuruzika shingoni. Rukia alimwona, akampisha njia. Kule juu mama alitumbukiza korosho kwenye bakuli la maji, akachagua iliyozama, akaipanda juu ya ule udongo mweusi. Idrisa aliuliza kwa sauti ndogo kama udongo wake hautaiharibu mbegu tena. Nikamwambia hapana, mchanga unapitisha maji haraka, na hilo karai lake litaishikia mbegu unyevu jua likikaza. Akashusha pumzi. Nadhani hilo ndilo alilokuwa anataka kulisikia tangu mwanzo.

Mama alimpigia Idrisa simu tukiwa mjini, naye ana abiria. Akasimamisha bajaji pembeni.

"Mti umetoka?" akauliza.

"Umetoka, baba. Tena umevaa kofia."

Tulipokwenda tuliukuta kweli, umejisukuma kwenye mchanga na ganda la korosho bado liko kichwani, shina lake nene, jekundu. Nilimsimamisha Somoe kando yake. Alisimama kidogo, akayumba, akakaa kwa kishindo, akachota mchanga akautia mdomoni. Idrisa akainama haraka kumfuta.

"Mwache," mama alisema. Kwa mara ya kwanza alimshika mkwe wake mkono. "Wake huo. Aonje."