Spika Alipokunywa Maji Yetu

Mama yangu, Mheshimiwa Ewurabena Takyiwaa, ni mbunge wa upinzani. Alisimama bungeni mara kumi na moja kuomba jambo moja tu: kabla wangwa wa chumvi wa jimboni kwetu haujauzwa kwa mwekezaji, wanawake wanaokwangua chumvi pale waitwe kwenye kamati wasikilizwe. Mara zote kumi na moja Spika alitazama dari. Ni dari nzuri, nimeiona mwenyewe.

Mara ya kumi na mbili alimwona. Mama alipofika tu kwenye "Mheshimiwa Spika, watu wangu," kipaza sauti kikazimwa. Ikapigwa kura ya sauti, wangwa uuzwe au usiuzwe. Wapinzani waliitika "siyo" mpaka njiwa wakaruka paani. Chama tawala wakaitika "ndiyo" kama wagonjwa wa malaria. Spika akatangaza kwamba ndiyo wameshinda. Ikabaki kura ya mwisho, Jumanne.

"Sasa utafanya nini?" nikamuuliza Mama.

"Nitakaa barabarani."

"Mheshimiwa mzima?"

"Miaka sita nimekaa kwenye kiti cha ngozi, hakuna aliyenisikia. Barabarani angalau hakuna swichi."

Jumamosi wanawake arobaini walikuja mji mkuu wamevaa nyekundu na nyeusi, kama wavaavyo waandamanaji kwetu. Ndivyo wavaavyo na wafiwa. Kwa kuwa magoti yao yameharibiwa na kazi, tulikodi hema na viti vya plastiki. Kwa kuwa polisi walikataza kelele, tulikaa kimya. Mabango yalikuwa bado kwa mchoraji, aliyeahidi saa mbili.

Saa nne gari la Spika likapunguza mwendo. Alikuwa njiani kwenda msibani, na kwetu kiongozi hapiti hema la wafiwa bila kushuka, hasa penye watu wenye simu. Akashuka, akaanza kutoa mkono kutoka kulia kwenda kushoto. "Poleni. Poleni sana." Mkono wa mwisho ulikuwa wa Mama.

"Loo, Ewurabena. Umefiwa?"

"Karibu ukae, Mheshimiwa."

Nana Esaaba, mkubwa wa wakwangua chumvi, akampa maji. Akanywa. Sasa, mtu akishakunywa maji ya wafiwa haondoki mpaka asimuliwe kifo kilivyokuja, wala hamkatizi msimuliaji. Hata mimi, niliyewahi kutolewa kanisani kwa kucheka, nisingethubutu.

"Marehemu ni nani?" akauliza taratibu, maana alishaanza kuhisi mtego.

"Hajafa bado," akasema Mama. "Ni wangwa wetu. Atakufa Jumanne."

Akasimulia dakika ishirini. Nana Esaaba akavua kandambili, akamwonyesha nyayo zilizopasuka. "Mwanangu, miguu hii imesomesha watoto wanne. Mwekezaji wako ataipeleka wapi?"

Mkono wa Spika ukatafuta nyundo yake, ukakuta glasi.

"Lakini haya, kwa nini hamkuyasema bungeni?"

Wanawake arobaini wakacheka, jambo lisilofaa kabisa msibani. Dereva wake akageuza uso.

Mabango yalifika saa nane. Tukayakalia.

Jumanne Spika aliahirisha kura kwa wiki mbili, na kamati ikawaita wanawake watatu, Nana Esaaba akiwa wa kwanza. Wangwa bado ni mgonjwa. Mama ameagiza viti visirudishwe.