Kiraka Kilichokataa Kushika

Habari hii alinipa binti yangu wa pili, siku aliyokuja kunikata kucha za miguu, wiki mbili baada ya mambo kutulia. Alicheka hata mkasi ukamtetemeka mkononi, ila siku yenyewe, alisema, hakucheka hata chembe.

Yeye ni mfungaji vidonda hospitalini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mtoto anaye mmoja tu, msichana, na huyo msichana roho yake iko kwenye ubao wake wa kuteleza juu ya mawimbi. Jumamosi ile alikuwa na majaribio ya kazi ya uokoaji ufukweni. Waombaji kumi na mmoja, nafasi mbili, na kila mtu aje na ubao wake. Mwaka uliotangulia aliachwa, akakaa siku tatu hasemi na mtu. Sasa Jumatano, katika kujifua, wimbi likambwaga mwambani. Yeye alitoka mzima, lakini ubao ulirudi na matundu mawili ubavuni, moja kama kifungo cha shati, jingine la kuingia vidole viwili.

"Hivi ni vidonda hasa," alisema mama mtu, akiuzunguka ubao pale sebuleni ulipolazwa juu ya viti.

"Ndiyo, mama, na vimelowa. Napiga msasa leo, naviacha vikauke mpaka kesho jioni, halafu naziba kwa kitambaa cha fiberi na gundi yake. Tafadhali usiviguse."

Baba mtu alikuwa amesimama na sahani yake mkononi, hana pa kukaa. "Saa za kuona wagonjwa ni ngapi?" aliuliza. "Nami nijue lini nitapata kiti."

Alhamisi yule msichana alikwenda kwenye kibarua chake, mama akabaki nyumbani peke yake. Alifagia, akapita kando ya ubao. Akafua, akapita tena. Yale matundu yaliyoachama yalimkera macho. Vumbi je? Inzi je? Mara ya tatu mikono ilikwenda yenyewe. Alikata shashi ya vidonda, akaipaka mafuta ya mgando kama afanyavyo kila siku, akafunika vidonda vyote viwili vizuri. Jioni, kabla binti hajarudi, aliitoa na kutazama. Safi, hakuna hata punje ya vumbi. Shashi akaitia jaani.

Binti alikuja, akafungua madirisha, akachanganya gundi na dawa yake ya kukaushia, akajaza matundu na kubandika kitambaa juu. Ijumaa asubuhi kiraka kilikuwa kigumu kama ukucha. Akakijaribu ukingoni kwa kidole, nacho kikabanduka chote, kikamjia mkononi kama gamba la kidonda kilichopona.

Aliketi sakafuni. Kisha akainuka, akalibeba kopo la gundi. "Yule mwenye duka atanitambua. Ameniuzia gundi iliyokwisha nguvu."

Mama alimwona anavaa viatu. Angeweza kumwacha aende. Hilo ndilo lililomuuma zaidi aliponisimulia, kwamba kwa muda wa kufunga kamba za kiatu kimoja, alimwacha.

"Keti, mwanangu. Si gundi. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilivipaka mafuta ya mgando."

Binti aliliweka kopo chini. "Mafuta ya mgando."

"Ndivyo tunavyofanya. Ili bendeji isigande."

"Mama," alisema taratibu, "mimi nilitaka igande."

Kutoka chumbani baba alikohoa kikohozi kisicho na mafua. Hakuna aliyemjali.

"Kitambaa kimebaki cha kiganja kimoja tu," alisema binti. "Na kesho saa mbili asubuhi natakiwa majini."

"Basi kinatosha. Mafuta nayajua mimi namna ya kuyatoa."

Akaleta spiriti na pamba. Alifuta kutoka katikati kwenda nje, kila akipitisha pamba mpya, na ya kumi na moja ndiyo iliyotoka nyeupe. Ndipo binti akapiga msasa upya, na mama akafuta tena. Binti alipokata kitambaa mraba, mama alimzuia mkono.

"Ondoa pembe. Plasta yenye pembe hunyanyuka."

"Hilo nalo la hospitali?"

"Hilo nalo. Ila hili ni la kweli hata kwako."

Binti akacheka kwa pua, akakata duara. Akahesabu matone ya dawa kwa sauti, mama akashika ubao usitikisike. Wakautoa uani juani. Alasiri binti alikivuta kiraka kwa ukucha, akakivuta kwa ncha ya kisu. Hakikusogea.

Usiku huo mama alikuwa na zamu. Jumamosi aliporudi, binti ameshaondoka. Akakataa kulala, akakaa akimenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Saa sita mlango ukafunguliwa, binti huyo, midomo myeupe kwa chumvi.

"Kimeshika, mama."

"Sikuulizi kiraka."

"Wamesema niende Jumatatu na picha mbili ndogo za kitambulisho."

Baba alipiga makofi, akaenda kulala kifudifudi kama mtu aliyeogelea yeye. Binti alisinzia mkekani akiwa bado anasimulia, neno likamfia mdomoni. Mama akamkausha nywele kwa taulo, kidogo kidogo asimwamshe, akajinyoosha kando yake na sare yake ya kazi, akalala.